Nusu Iliyolowa

3 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Leo nimekupatia mwenzetu. Nilipita duka la vitabu kutafuta wino, nikamwona amesimama kwenye jalada: mwanamke mnene, mzima mzima, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Si yule wa kukatwa kichwa, kama magazeti yanavyofanya yanapotaka kuzungumzia shinikizo la damu. Hakufichwa nyuma ya maua wala nyuma ya rafiki mwembamba. Amevaa nguo ya kuogelea, mapaja yanagusana kama yetu, na anamcheka mpiga picha kana kwamba yeye ndiye aliyemwajiri. Mwenye duka akaniuliza, "Nikifunge, mama? Ni zawadi?" Nikamwambia, "Ni kioo."

Ndiyo, riwaya ya mapenzi, kwa umri wetu huu. Lakini fikiria. Tangu tuanze kusoma, wewe na mimi, wanene wa vitabuni wamekuwa wapishi, mama wakwe, na watu wa kuvunja viti ili wageni wapate cha kucheka. Huyu anapendwa. Nimesoma hadi katikati, nikakipasua uti wa mgongo kwa kisu, na nusu ya kwanza hiyo hapo.

Sheria ni zile zile za bwenini, tulipokuwa wakimbizi wapya na kitabu kimoja cha lugha yetu, wasomaji wawili, na subira hakuna. Aliyenunua anatuma nusu ya kwanza na kubaki na ya pili mpaka mwenzake aiombe. Hakuna kudokeza mwisho. Unakumbuka kaka yangu alivyosema kupasua kitabu ni dhambi, halafu akaenda kututafutia kisu?

Chumba cha nyuma kimepakwa rangi. Nimetoa kile kitanda cha chuma nikaweka cha mbao, kipana, hata seremala alipokileta aliniuliza kama naolewa. Nikamwambia nampokea mjane wa kaka yangu. Anakuja Julai, anakaa moja kwa moja, mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Akaacha utani, akakaza skrubu zake.

Soma polepole.

Wifi yako,
Msahihishaji
(mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, lakini nukta iliyokosekana bado naiona kutoka ng'ambo ya barabara)


19 Februari

Wifi yangu Msahihishaji,

Umeniponza. Mapazia ya ukumbi wa mikutano yamekaa chini ya sindano tangu asubuhi, mwenyewe ameshatuma mtu mara mbili, na mimi nasoma. Huyu Mwalimu wa Kuogelea, mwenzetu wa jaladani! Pale anapoingia ofisi ya mwanasheria, na kabla hajakaa anakibonyeza kiti kwa kiganja, kama mtu anayechagua parachichi. Nani alimwambia mwandishi? Nilidhani ni siri yangu. Na poda ya mapajani, ya kuzuia michubuko! Nimesoma maisha yangu yote, sijawahi kuiona poda ya mapajani ikiandikwa kwenye kitabu. Nilicheka mpaka mwanafunzi wa fundi wa jirani akachungulia dirishani kuuliza kama mashine imenishona kidole.

Sasa kaa. Kibonyeze kiti kwanza.

Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu unapiga kelele kama mtu anayeita mtumbwi, na hii si habari ya kupigiwa kelele. Yule Fundi Miwani niliyekutajia, aliyenitengenezea miwani ya kusomea, mgane mwenye duka jembamba karibu na posta, ameniposa. Mwenyewe, kwa mdomo wake, bila mshenga, ameshika bisibisi. Sikujua nicheke au nikimbie. Nikamwambia, "Nina riwaya mkononi, nimefika katikati. Nitakujibu nikimaliza."

Akasema, "Ni ndefu?"

Nikamwambia, "Inategemea wifi yangu."

Akasema, "Basi mwambie wifi asome haraka, mimi si kijana."

Najua tulichopatana kuhusu Julai. Sijakisahau, ndiyo maana nakuambia wewe kabla hata ya binti yangu. Nisaidie kufikiri. Tangu kaka yako afariki nimezoea kujiona kama fanicha iliyofunikwa shuka. Sikutegemea mtu aje avute shuka. Nitumie nusu ya pili. Utanicheka, lakini nataka kuona kama mtu wa umbo letu anaweza kufika ukurasa wa mwisho na bado anapendwa.

Wifi yako,
wa Mapazia


8 Machi

Wifi,

Hongera, au pole. Nitachagua moja ukishachagua wewe.

Nusu ya pili bado. Macho yananisumbua, nasoma kurasa chache naweka chini. Ningekuwa na fundi miwani wangu pengine ningekuwa nimemaliza.

Tena nikuambie ukweli wa kazi yangu: kitabu kimeanza kunichosha. Mwili wameuandika vizuri, mwenye mwili wamemsahau. Kila anayeingia anamsifia. Fundi wa pampu ya bwawa anamsifia, mwanasheria anamsifia, muuza tiketi anamsifia. Mvua ingekuwa na mdomo nayo ingemsifia. Mwanamke huyu hajakasirika tangu alipovua viatu. Hana wivu, hana uvivu, hana hata mafua. Miaka yote tumelalamika kwamba mnene wa vitabuni si mtu. Sasa wametupa mnene ambaye ni sanamu, wakamwashia taa pande zote, na wanasubiri tuseme asante. Na huyo fundi wa pampu, mpenzi wake, hazungumzi, anatangaza. "Wewe ni bahari yangu isiyo na ufukwe." Nimesahihisha matangazo ya magodoro yaliyokuwa na aibu zaidi.

Wako anasemaje? Nauliza tu. Mtu anayeshinda kutwa akiwauliza watu "sasa unaona vizuri?" lazima atakuwa amejifunza kuwaambia wanachotaka kusikia. Mgane wa umri huo anamtakia nini mwanamke wa umbo letu na magoti yetu? Kupikiwa? Kufuliwa? Mtu wa kuita gari la wagonjwa? Nakuuliza kwa sababu hakuna mwingine atakayekuuliza. Wengine watakupigia makofi. Kaka yangu alikupenda ulivyo, na hakukupima macho kwanza. Mtu akishapendwa hivyo mara moja, kunyoosha sahani tena ni uroho. Watu husema sisi wanene ni waroho, wifi. Tusiwapelekee ushahidi.

Rangi ya chumba ni ya maziwa. Wewe ndiye uliyetaka ya maziwa.

Wifi yako,
Msahihishaji


27 Machi

Wifi yangu,

Lile neno la uroho nimelisoma mara moja, sikurudia. Mawifi tumeumbiwa kutaniana, lakini utani ule ulikuwa na mfupa.

Kuhusu kitabu nakubali kidogo. Fundi wa pampu anaropoka. Juzi nilimsomea Fundi Miwani ile ya bahari na ufukwe, akafikiri, akauliza, "Sasa maji yanaishia wapi?" Lakini usimchukie Mwalimu, wifi. Hajafanya kosa, ameandikwa vibaya tu.

Uliuliza wangu anasemaje. Hasemi. Kuhusu mwili wangu hajawahi kusema neno, zuri wala baya. Nikuambie alichofanya. Siku ya kwanza nilipokwenda dukani kwake, kiti cha wateja kilikuwa na mikono. Nilikaa, kikanibana, na niliposimama kilisimama na mimi. Nikacheka, unakijua kicheko kile, cha kuwawahi wengine. Yeye aliinama kwenye droo akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo, akatafuta mpaka nikawa nimejitoa. Niliporudi kuchukua miwani, kiti hakipo. Pana benchi la mbao, pana, lisilo na mikono. Wateja wembamba wanakaa hapo hapo na hawajui limewekwa kwa ajili ya nani.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye nusu ya pili. Kama humo yumo mtu anayebadilisha kiti bila kuhutubia, nitaenda kumwambia ndiyo nikiwa na kitabu mkononi. Kama hayumo, pengine nitamwambia ndiyo hivyo hivyo. Lakini tuna desturi yetu na nimemwahidi. Kisome basi, au nitumie nikisome mwenyewe. Na kama moyo wako unaumia kwa ajili ya Julai, sema. Nyumba yake ina vyumba, na posta iko karibu.

Kuhusu kaka yako, tumwache alale.

Wifi yako,
wa Mapazia


15 Aprili

Wifi,

Kumetokea balaa. Bomba la jirani wa juu limepasuka, maji yakashuka na ukuta mpaka kwenye meza yangu ya kitanda. Nusu ya pili imelowa yote. Kurasa zimeshikana kama mkate ulioangukia chai, nikizitenganisha zinanifia mikononi. Bahati nilikuwa nimeshamaliza. Sheria yetu inakataza kudokeza mwisho, lakini mwisho ambao hauna tena kitabu nadhani unaruhusiwa kusimuliwa.

Ni hivi. Siku ya karamu ya uchumba, Mwalimu anakwenda jikoni kuchukua glasi. Nyuma ya mlango yuko fundi wa pampu na rafiki zake. Mmoja anamuuliza, "Kwa nini huyu, na wembamba wamejaa mji mzima?" Naye anajibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini alinunua mashine ya aina fulani: "Mwembamba anajua anaweza kuondoka. Mnene ukimpa kiti kinachomtosha, anakaa. Atakushukuru mpaka afe, na shukrani haichoki kama mapenzi."

Mwalimu anarudisha glasi kabatini, moja moja, bila kuzigonganisha. Anatoka kwa mlango wa nyuma. Hatuambiwi anakwenda wapi. Basi, kitabu kimekwisha.

Nami nilishangaa. Sikutegemea kitabu laini namna ile kiwe na jino. Nimekusimulia kama kilivyo. Hayo ni maneno ya mwandishi, si yangu, na sisemi lolote kuhusu mtu yeyote mwenye benchi. Wewe ndiye uliyeapa kumjibu kwa kitabu.

Seremala ameweka na rafu kando ya kitanda chako.

Wifi yako,
Msahihishaji


4 Mei

Wifi,

Nimemjibu.

Nilikaa na barua yako siku kadhaa, nikijiambia kitabu ni kitabu. Lakini kila nilipomkumbuka ameinama kwenye droo, nilimwona anatabasamu humo ndani. Basi nikaenda mchana, wateja wawili wamo, sikusubiri watoke. Nikamwambia, "Ulibadilisha kiti ili nikae, siyo? Ulijua mnene akipata kiti kinachomtosha atashukuru mpaka afe."

Alikuwa anafuta lenzi. Aliendelea kuifuta. Mteja mmoja, mama mwembamba, akasema, "Jamani." Nikasema, "Tafuta mwingine wa kukushukuru. Mimi nimetosheka."

Akaniuliza, "Ndivyo unavyonijua?"

Nikasema ndivyo.

Akasema, "Sawa, mama." Mama! Alikuwa ameshazoea kuniita kwa jina langu.

Nimempa notisi mwenye nyumba, na mashine ya kushonea imechukuliwa na fundi wa jirani. Nitakuja Julai kama tulivyopatana. Usiniandikie kunipa pole.

Wa Mapazia


20 Mei

Wifi yangu kipenzi,

Sikupi pole, umekataza. Nakupa mipango.

Asubuhi tutakunywa chai dirishani, upande wa jua. Mchana kila mtu na shughuli zake, maana hata mawifi huchokana. Jioni nasoma kwa sauti na wewe unashona vitu vidogo vidogo. Hatutahitaji kisu tena, tutasoma vitabu vizima. Nimeshawaambia majirani wote wa ngazi hii. Yule mzee wa chini, anayejifanya haoni mtu, aliuliza, "Na yeye ni mkubwa kama wewe?" Nikamwambia, "Mkubwa zaidi, jiandae kubanana kwenye lifti." Nilicheka peke yangu mpaka juu.

Ulilofanya lilihitaji moyo. Mwingine angekubali kiti, akanyamaza. Wanaume huja na kuondoka, lakini wifi ni wifi. Binti yako nilimpigia, akasema, "Shangazi, mtunze mama, siku hizi hacheki." Nikamwambia kwangu atacheka.

Kitabu kile nimekitupa. Kilikuwa kinaota ukungu.

Wako daima,
Msahihishaji


11 Juni

Msahihishaji,

Binti yangu amekuja kunisaidia kufunga mizigo. Ulipompigia simu ulimwambia nilikipenda sana kitabu cha yule mwanamke wa bwawa, akaona aninunulie kingine cha safari. Kizima, kikavu, jalada lile lile, anacheka vile vile. Nikamtuma dukani akalete kamba, nikakaa juu ya sanduku, nikasoma kuanzia ulipopitisha kisu.

Hakuna mlango wa jikoni. Hakuna glasi. Kuna harusi kando ya bwawa, na kila mtu analia kwa furaha, hata mlinzi wa getini. Fundi wa pampu anamwambia tena kwamba yeye ni bahari isiyo na ufukwe, safari hii kwa kipaza sauti. Kurasa zote hizo, hakuna anayemkosea mwenzake hata kwa sukari ya kwenye chai. Kitabu kibovu. Hapo ulisema kweli. Nimefurahi na mapaja yake, nimefurahi na vile anavyopimwa gauni la harusi bila mtu kumwambia avute tumbo ndani. Nilitaka sana nikipende. Lakini nimefika mwisho sijakutana na mtu.

Mtu nilikutana naye kwenye barua yako. Ule ukurasa wa glasi ndio pekee wenye damu, na haumo kitabuni. Ningepaswa kujua siku ile ile. Mwandishi anayeandika "bahari isiyo na ufukwe" hawezi kuandika "ukimpa kiti kinachomtosha, anakaa." Sentensi ile ni nzuri mno kwake. Ameiandika mtu anayeishi ndani ya mwili kama huu, anayejua ngozi ni nyembamba wapi. Na kiti nilikupa mimi mwenyewe, kwenye barua ya upendo.

Nilikwenda dukani kwa Fundi Miwani. Nikamweleza yote: kitabu, maji, wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mimi nimekaa kwenye benchi lile lile. Halafu akasema, "Maneno ni ya wifi yako. Kuyaamini ni kwako."

Nikasema, "Nimekosa."

Akasema, "Najua. Lakini kuanzia sasa, kila nitakapokuvutia kiti, utakuwa unaniangalia mkono." Akaenda kunifungulia mlango. Hakunifukuza. Alinifungulia tu, kama anavyowafungulia wateja.

Sasa nikupe nusu ya pili unayostahili, na hii haijalowa. Unapenda kuwaambia watu kwamba kaka yako alinipenda nilivyo. Kaka yako aliniletea gauni jipya kila mwaka, saizi mbili chini ya yangu, akaliita gauni la kunitia moyo. Nilikuwa nalitundika kabatini bila kulivaa, naye alikuwa akilitazama kila anapofungua kabati kuchukua shati. Na kila aliponipa lilikuwa na wimbo wake: "Jitahidi, mke wangu. Usije ukaishia kama dada."

Dada ni wewe. Alikuwa akilisema hilo akitoka kula kwako, mapishi yako yangali yananukia kwenye shati lake. Nililificha miaka yote kwa sababu nilikupenda, na kwa sababu nilijua yeye ndiye mwanaume pekee uliyeamini kwamba anakuona mzuri.

Wa Mapazia


24 Juni

Wifi,

Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sijavua koti.

Kaka yangu hakusema hivyo. Umemtia maneno mdomoni kama mimi nilivyomtia yule fundi wa pampu. Una haki, umenirudishia, na umenirudishia vizuri, wimbo ule una mapigo yake kabisa, hata ile "jitahidi." Niambie tu kwamba umeutunga. Sitakasirika. Niambie, na tutakuwa sare.

Unataka kujua kwa nini. Kitanda kilikuwa kimeshafika. Nilikuwa nimeshawaambia watu. Umewahi kupika chai ya mtu mmoja kwenye birika la watu wanne, ukaimwaga iliyobaki, ukapika tena kesho? Hujawahi. Wewe ulikuwa na mume, ukapata binti, halafu ukiwa na magoti mabovu anakuja mtu anakubadilishia benchi. Mimi kwenye maisha yangu hata wa kunidanganya sikupata. Nilisoma habari ya benchi nikaona giza. Nikasema, kwa nini yeye mara mbili? Ndiyo, nilifanya. Ningeweza kukuandikia kwamba najuta, lakini nimezoea kufuta maneno yasiyo na kazi.

Ila hili la kaka yangu siliwezi. Kila mlo aliokula kwangu unanirudia, namwona anavyoongeza chumvi, anavyonitazama nikichukua kipande cha pili. Kama hukulitunga, nakuomba usije. Siwezi kukaa meza moja na mtu aliyebeba sauti ile. Kaa na binti yako. Kitanda nitamrudishia seremala.

Lakini kwanza nijibu: alisema, hakusema?

Msahihishaji


30 Juni

Wifi,

Binti yangu ana chumba kimoja anachogawana na muuguzi mwenzake. Mmoja akienda zamu, mwingine analala. Nyumba yangu ina wapangaji wapya, leo walikuja kupima madirisha na wakaniuliza kama najua fundi mzuri wa mapazia. Fundi Miwani tulipishana mbele ya posta, akaniinamishia kichwa kwa adabu. Hivyo sina pa kwenda isipokuwa ulikonitayarishia. Ulifanya kazi nzuri, uikubali.

Nafika Jumapili kwa treni ya asubuhi. Sanduku la vyombo ni zito, tafuta mtu wa kulibeba. Usimrudishie seremala kitanda.

Nitakutunza vizuri. Nitapika, maana najua unachopenda. Ukiumwa nitakukanda miguu. Majirani watasema hawajaona mawifi wanaopendana namna hii, na sitawasahihisha. Na utaniuliza tena lile swali. Utaniuliza siku ya kwanza, nikiwa sijafungua mizigo. Utaniuliza wiki ijayo mezani, na utaniuliza ukiwa mgonjwa, umenishika mkono. Siku nyingine nitakuambia nilitunga. Siku nyingine nitakuambia alisema, na nitakuigizia sauti yake. Hutajua ipi ya kushika, na mimi sitakusaidia.

Lakini birika litajaa, wifi. Hutakuwa peke yako tena.

Mjane wa kaka yako